Rangi ya kwanza ya Land Rover iko chini ya rangi ya nyumba

Leo naweka kando habari za programu na hifadhidata, ingawa utaona sikwenda mbali sana. Nataka kuandika historia ya rangi. Si rangi za kwenye skrini, ni rangi ya gari, na hasa ya zile Land Rover kuukuu ambazo bado zinapanda vilima vya kwetu Mogogosiek, na Konoin yote, na Kericho na Bomet kwa jumla, zikibeba mbolea, magunia ya mahindi na mara moja moja bibi harusi.

Siku hizi wapo wenye magari hayo, na zaidi watoto wao, wanaotaka kuyarudishia "rangi ya asili". Jambo zuri. Lakini ukimuuliza mtu rangi ya asili ni ipi, jibu lake huwa ni namba. Tafuta mwaka wa gari, tafuta kwenye mtandao namba ya rangi ya kiwanda, mpelekee muuza rangi achanganye, kisha fundi akwangue bati lote na kupuliza upya. Mimi nabisha. Namba ni jina la rangi tu. Rangi yenyewe iko kwenye bati, na ukishaikwangua hakuna tovuti utakayoipakua tena.

Ili unielewe inabidi turudi nyuma kidogo.

Magari ya kwanza kabisa yalipakwa rangi kama mikokoteni ya farasi: rangi ya mafuta na vanishi, kwa brashi, koti juu ya koti, kila koti likisubiri lililotangulia likauke. Gari moja liliweza kukaa wiki kadhaa kwenye banda la rangi. Hebu fikiria kiwanda kinachotaka kutoa mamia ya magari kwa siku, halafu kila gari likae kwenye foleni mwezi mzima. Ford Model T ilitoka nyeusi tu kuanzia 1914 hadi 1925, na watu hupenda kusimulia kwamba Henry Ford alikuwa mkaidi. Labda alikuwa. Lakini hiyo ilikuwa pia hesabu ya kiwanda: rangi moja, ya bei nafuu na ngumu, isiyosimamisha mstari wa kazi. Kabla ya 1914 Model T zilikuwa na rangi nyingine, na mwaka 1926 rangi zikarudi.

Kilichovunja foleni hiyo ni baruti. Sitanii. Kampuni ya DuPont ya Marekani ilikuwa mtengenezaji mkubwa wa baruti wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na kiungo kimoja kikubwa cha baruti hiyo ni nitroselulosi, yaani pamba iliyopikwa kwa asidi. Vita vilipokwisha 1918, soko la baruti likaanguka. Ilibidi watafute matumizi mengine, na moja ya waliyopata ni rangi ya gari inayopulizwa kwa bunduki ya hewa na kukauka kwa saa chache badala ya wiki. Waliiita Duco, ikaingia sokoni 1923, na General Motors wakaitumia kwenye magari ya Oakland ya mwaka 1924, yaliyopakwa buluu. Jina hilo lilienea mno. Kule Afrika Kusini hadi leo mtu akisema duco anamaanisha rangi ya gari, ya kampuni yoyote ile.

Baada ya hapo mteja angeweza kuchagua rangi, na kwa hiyo rangi zikahitaji majina na namba. Uingereza ilitoa mwaka 1930 orodha rasmi ya rangi iliyoitwa British Standard 381. Orodha hiyo iliendelea kurekebishwa, na ile tunayokutana nayo leo huitwa 381C. Ndani yake namba 222 ni kijani cha shaba hafifu, 223 ni cha kati, na 224 ni kile kilichokolea, ambacho Waingereza hukiita Deep Bronze Green. Shika hiyo 224, tutaihitaji.

Mtu wa kompyuta akiona hivyo hutabasamu: jedwali, ufunguo, thamani. Kazi imekwisha! Haijakwisha. Namba 224 haisemi rangi itengenezwe kwa kutumia nini. Inasema ionekane vipi, kwa kulinganisha na kadi. Kila kampuni ya rangi ilikuwa huru kufika hapo kwa njia yake, na unga wake, na mafuta yake. Kwa lugha yetu ya kazini, namba hiyo ni ahadi ya nje. Kilichomo ndani ni siri ya aliyeandika. Rangi mbili zenye namba moja zinaweza kufanana siku ya kwanza na kuachana kabisa baada ya miaka 20 juani, kwa sababu kilichomo ndani si kimoja.

Sasa Land Rover. Ilionyeshwa mara ya kwanza katika maonyesho ya magari ya Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kilikuwa cha kugawiwa kwa mgao, lakini alumini ilipatikana. Kwa hiyo kampuni ya Rover, huko Solihull, ilitengeneza bodi kwa mchanganyiko wa alumini uitwao Birmabright, na fremu ya chini kwa chuma. Hizo za kwanza zilikuwa za kijani hafifu. Husimuliwa sana kwamba rangi hiyo ilikuwa salio la rangi ya jeshi, ile iliyopakwa ndani ya ndege za kivita. Haukupita muda kikaja kile kijani kilichokolea, na katikati ya miaka ya 1950 kijivu na buluu vikaongezwa. Lakini kijani ndicho kilichobaki kichwani mwa watu.

Hiyo alumini ina mambo yake. Chuma kikikwaruzwa kinakupigia kelele kwa kutu nyekundu. Alumini hunyamaza. Ikikutana na hewa hujifunika mara moja kwa ngozi nyembamba isiyoonekana, na rangi ya kawaida haishiki vizuri juu ya ngozi hiyo. Ndiyo maana kuna praima maalumu yenye asidi kidogo, inayong'ata bati kabla ya rangi yenyewe kuja. Na pale alumini inapogusana na chuma, unyevu ukiwepo, alumini ndiyo inayoliwa. Utaona vile vidoti vyeupe kama unga chini ya rangi, kwenye ukingo wa mlango au karibu na riveti. Kericho ni nchi ya mvua, kwa hiyo unyevu haukosekani.

Huku kwetu gari hili lilifika likiwa na wenyewe. Brooke Bond na James Finlay walikuwa wamekwisha kupanda chai Kericho tangu miaka ya 1920, kwenye ardhi ambayo Wakipsigis hawakuombwa kwa adabu. Miaka ya 1950 Land Rover ilikuwa gari la afisa wa serikali, la polisi, la mzungu wa shamba na la meneja wa chai. Mwafrika hakuruhusiwa kwa urahisi kulima chai yake mwenyewe hadi mpango wa Swynnerton wa 1954 ulipofungua mlango, na Mamlaka ya Maendeleo ya Chai, ile KTDA, ikaundwa 1964. Kwa hiyo kizazi kizima cha wazee wetu kilikua kikijua kwamba ukisikia mlio ule ukipanda kilima na kuona kijani kile, kuna mtu anakuja kukuuliza swali.

Baadaye makampuni na serikali waliuza magari yaliyochoka kwa mnada au kwa tenda, na wakulima wakayanunua. Na jambo la kwanza ambalo wengi walifanya, gari likishafika nyumbani, ni kulipaka rangi nyingine. Si kwa Duco, wala kwa bunduki ya hewa. Walinunua debe la rangi ya mafuta ya nyumba, ile ya milango na madirisha, na brashi ya inchi tatu, wakapaka wenyewe siku ya Jumamosi baada ya bonasi ya chai. Wapenda magari wa Nairobi wakiona kazi hiyo hucheka hadi machozi. Ngoja kwanza wacheke, nitarudi kwao.

Kabla ya hapo neno moja kuhusu Thika, maana wengi husahau. Katikati ya miaka ya 1970 Kenya ilianza kuunganisha magari kwa wingi: Leyland Kenya kule Thika, ambayo baadaye iliitwa Kenya Vehicle Manufacturers, Associated Vehicle Assemblers kule Mombasa, na General Motors Nairobi. Land Rover ziliunganishwa Thika. Peugeot 504, ile iliyotubeba wote, iliunganishwa Mombasa. Gari la namna hiyo lilikuja vipande vipande ndani ya makreti na rangi likapata hapa hapa. Kwa hiyo ukiwa na Land Rover ya Thika na unaagiza namba ya rangi kutoka kwenye orodha ya Solihull, unatafuta cheti cha kuzaliwa katika hospitali ambayo mtoto hakuzaliwa.

Na cheti chenyewe? Logbuku ya gari ina nafasi ya rangi, lakini inaandika rangi ya sasa. Ukibadilisha rangi unatakiwa utoe taarifa, nao wanabadilisha ingizo. Mwandishi wa programu anajua maana yake: taarifa mpya imeandikwa juu ya ile ya zamani, na hakuna kumbukumbu ya mabadiliko. Tungefanya hivyo na msimbo wetu tungefukuzwa kazi. Zile logbuku za zamani, zile za kitabu, angalau zilikuwa na majina ya wamiliki yakifuatana. Kuhusu rangi mara nyingi utakuta neno moja tu, kijani au kijivu, na neno hilo halikusaidii kitu dukani.

Kumbukumbu ya mabadiliko ipo, ila haipo ofisini. Ipo kwenye bati, koti juu ya koti, kwa mpangilio wa wakati. La chini ndilo la kwanza, la juu ndilo la jana. Anayefanya kazi na git ataelewa bila maelezo. Anayekwangua bati lote hadi ling'ae amefuta hazina yote pamoja na historia yake, na hana nakala.

Mwaka jana niliitwa kuangalia Land Rover moja, kilomita chache kutoka soko la Mogogosiek. Namba yake ni ya zamani, haina ile herufi ya mwisho. Mwenyewe ni mzee wa makamo ya babu yangu, na kijana wake wa mwisho ndiye aliyenipigia simu, akijua napenda mambo haya. Gari ni buluu, buluu ya dirisha kabisa, mistari ya brashi unaihesabu. Kijana alitaka likwanguliwe lote, lipulizwe kijani cha kampuni cha zamani kwa rangi ya kisasa ya kuchanganya na kikaushio, na juu yake vanishi ya kung'aa. Alikuwa na bei tayari na siku tayari.

Nilimwomba mzee ruhusa nitoboe kidirisha kidogo kwanza. Kidirisha ni nini? Unachagua mahali padogo pasipoonekana, ukubwa wa sarafu, na unasugua taratibu kwa msasa laini uliolowa maji, ukianza na namba 400, kisha 600, kisha 1000, katikati ukienda chini zaidi kuliko pembeni. Ukimaliza unapata miduara kama ya shina la mti lililokatwa. Kila duara ni koti moja. Tulipata buluu, buluu nyingine iliyopauka kidogo, kijivu chembamba upande mmoja tu wa gari, halafu kijani, halafu praima ya manjano-kijani, halafu bati.

Kijani kile kilikuwa kizima! Hakina unga, hakijapauka, kina mng'ao wake. Na sababu ni ile buluu ya nyumba iliyowachekesha watu wa Nairobi. Mogogosiek iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na tuko karibu kabisa na Ikweta. Jua la hapa lina miale mikali ya urujuani, na miale hiyo huvunja ile gundi inayoshikilia unga wa rangi. Gundi ikishavunjika, unga unabaki juu umelala tu. Ukipitisha kidole kinatoka na vumbi. Magari ya kijani ambayo hayakupakwa kitu yamekuwa na rangi ya majani makavu. Hili lilifunikwa, likahifadhiwa. Rangi ya nyumba, tena ile ya bei ndogo, haikushika kwa nguvu, kwa hiyo sehemu nyingine tuliweza kuiinua kwa kadi ya plastiki bila hata msasa.

Kwenye mlango wa kushoto, tulipokuwa tunainua buluu, ikatokea namba nyeupe iliyopigwa kwa kiolezo: 17. Ilikuwa namba ya gari katika kikosi cha magari ya kampuni. Kijana alifurahi sana, akapiga picha. Mzee alisimama pale amefumba mikono nyuma, akasema, "Kijana, hiyo rangi ni ya kampuni. Mimi niliifunika makusudi."

Nikamjibu, "Ndiyo, mzee," maana sikuwa na jingine la kusema. Kisha akatueleza, bila haraka, jinsi alivyokuwa akilipanda gari hilo nyuma kabisa, pamoja na vikapu, akiwa kibarua, na jinsi alivyolinunua miaka mingi baadaye, na kwamba siku aliyolipaka buluu ndiyo siku aliyolihesabu lake. Praima, kijani na namba 17 vilikuwa vya kiwanda na kampuni. Buluu ilikuwa yake.

Sasa niambie, ndugu msomaji, hapo rangi ya asili ni ipi? Mwenye kufuata orodha ya kiwanda atasema kijani, hana shaka. Mimi nadhani swali hilo haliwezi kujibiwa na kiwanda peke yake. Walikubaliana hivi: nje ya gari ibaki buluu, isafishwe na kuzuiwa isibanduke zaidi. Ndani, nyuma ya viti, chini ya dashibodi na upande wa chini wa boneti, kijani kisafishwe na kiachwe kionekane. Mlango wa kushoto uachwe na kile kipande kilichofunguka, na namba yake. Kijana hakupenda sana. Ile siku ya fundi ilifutwa.

Watu wa dunia nzima wamekuwa wakibishana jambo hilihili. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lilipitisha mwaka 2012 hati inayoitwa Mkataba wa Turin, iliyofuata mfano wa Mkataba wa Venice wa 1964 wa kuhifadhi majengo. Kwa ufupi inasema kuhifadhi kilichopo kuje kabla ya kutengeneza upya, na alama za maisha ya gari ni sehemu ya historia yake. Na Land Rover wenyewe walitoa mfano mzuri. Mwezi Januari 2018 walitangaza kwamba wamepata moja ya yale magari matatu ya majaribio yaliyoonyeshwa Amsterdam 1948. Lilikuwa limetembea hadi miaka ya 1960, likakaa miaka 20 katika shamba moja Wales likitumika kama mtambo wa nguvu usiosogea, kisha likaishia limeegeshwa kwenye bustani ya mtu kilomita chache tu kutoka Solihull. Kampuni hiyo ina uwezo wa kulipuliza rangi mpya kila siku ya juma ikitaka. Badala yake ilisema itahifadhi sura ya uzee ya vipande vyake, pamoja na kile kijani hafifu kilichopakwa 1948.

Hapa kwetu tuna mashindano ya Concours d'Elegance ya Nairobi, yanayoandaliwa na klabu ya wenye magari ya Alfa Romeo. Ni siku nzuri na naipenda. Lakini gari huko hushindania usafi na hali yake, kuanzia injini hadi chini ya fremu, na desturi ya namna hiyo, hata bila kukusudia, humsukuma mtu kupuliza upya. Buluu ya brashi haitapata kikombe huko.

Tuseme basi umekubali, na unataka kujua gari lako lilikuwa na rangi gani na limebakiwa na nini. Anza na sehemu zisizoona jua: chini ya kiti, nyuma ya dashibodi, nyuma ya kibao cha namba, chini ya mpira wa mlango, pale tairi la akiba linapoegemea. Kisha ijue rangi ni ya aina gani kwa kitambaa cheupe chenye thinna, mahali palipojificha. Ile ya nitroselulosi huyeyuka na kuhamia kwenye kitambaa hata ikiwa na miaka 60. Ile ya mafuta au enameli hulainika na kukunjamana. Ile ya kisasa ya vipande viwili haishtuki. Ukijua hivyo unajua pia ni koti gani unaweza kuliondoa bila kudhuru la chini yake.

Kama kijani chako hakikufunikwa na kimepauka, usikate tamaa mapema. Rangi za zamani za koti moja, zisizo na vanishi juu, zina unga wa rangi kutoka juu hadi chini. Ukisugua taratibu kwa dawa ya kung'arishia yenye chembe laini, unaondoa lile vumbi la juu na kukuta rangi yenye uhai chini yake. Kiasi kilichopo ni kidogo, rangi ya kiwanda huwa na unene wa takriban mikroni 100, karibu unywele mmoja na nusu. Huwezi kufanya hivyo kila mwaka. Na hapa jihadhari na kifaa cha kupimia unene. Kile cha bei rahisi hufanya kazi kwa sumaku, na sumaku haishiki alumini. Utakiweka kwenye boneti ya Land Rover na kitakuambia upuuzi au hakitakuambia lolote. Unahitaji kile kinachotumia mkondo wa umeme unaozunguka ndani ya bati.

La afya: rangi za kijani na manjano za miaka ile mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi. Usisugue pakavu kamwe, tumia maji, vaa barakoa, na usiache watoto na kuku wakichezea yale maji machafu. Rangi za kisasa za vipande viwili nazo zina kikaushio kinachoweza kumpa fundi pumu ya maisha. Mafundi wengi wa jua kali huzipuliza wakiwa wamejifunga leso puani, na leso haizuii kitu.

Sasa tufike kwangu, kwenye kompyuta. Wengi hunitumia picha ya simu na kuuliza, hiki ni kijani namba ngapi? Picha haiwezi kukujibu. Simu imekwisha kubadilisha rangi kwa kufuata mwanga, na skrini yako inaibadilisha tena. Ipo mashine inayoangaza mwanga kwenye bati na kupima unaorudi, wimbi kwa wimbi, na wauza rangi wakubwa wanayo. Inatoa tarakimu kwa mfumo uliotokana na kazi ya tume ya kimataifa ya mwanga, CIE, ya 1931 na 1976, na tarakimu hizo zinaweza kuhifadhiwa kama data yoyote. Hiyo ni bora mara mia kuliko picha. Lakini bado ina mitego miwili.

Mtego wa kwanza: rangi mbili zinaweza kufanana kabisa saa sita mchana na kutofautiana chini ya taa za kituo cha mafuta usiku, kwa sababu zimefika kwenye sura moja kwa mawimbi tofauti ya mwanga. Ni kama maandishi mawili tofauti yanayotoa hashi moja. Ukirekebisha mlango mmoja kwa rangi iliyochanganywa leo, uangalie kwenye mwanga zaidi ya mmoja kabla hujalipa.

Mtego wa pili ndio ulionishangaza zaidi. Jua linapausha rangi, sawa, kila mtu anajua. Lakini giza nalo linaibadilisha. Rangi zenye asili ya mafuta zikifichwa mbali na mwanga hugeuka manjano kidogo kidogo. Kwa hiyo kile kijani kizuri tulichokikuta chini ya buluu si kijani cha siku ya kiwanda kwa uhakika wote. Kimelala gizani miaka mingi. Kukiacha kwenye mwanga kwa siku kadhaa hupunguza umanjano huo, ndiyo sababu tulipima mara mbili, siku tulipofungua na wiki mbili baadaye, na tarakimu hazikuwa sawa. Tuliandika zote mbili, pamoja na tarehe, mahali penyewe kwenye gari, na hali ya hewa. Na kidirisha tukakiacha wazi, tumekipaka nta tu, ili mwingine akija na mashine bora kuliko yetu akute cha kupima.

Namba 224 ilikaribia tarakimu zetu, lakini haikuzigonga, wala sikutarajia izigonge.

Kilichobaki kwangu ni Thika. Kwa gari la Solihull una kadi, una wazee wa Uingereza walioandika vitabu vizima kuhusu kijani kimoja. Kwa Land Rover iliyopulizwa Kenya miaka ya 1970 na 1980, mwenye kujua ni yule aliyeshika bunduki ya rangi. Kama ni wewe, au ni baba yako, au mjomba, muulize mambo matatu na uyaandike leo: kopo lilikuwa la kampuni gani, praima ilikuwa ya rangi gani, na rangi ilikaushwa kwa tanuri au kwa hewa tu. Nikipata hayo, nitajua nikitoboa kidirisha kinachofuata nitarajie kukuta nini kabla ya bati.